Uliza Tukujibu: Enzaimu inaijuaje tRNA yake wakati zote zinafanana?

Mwalimu shikamoo. Niko kidato cha sita, nasoma PCB. Kwenye notisi zetu imeandikwa tu kwamba kila amino asidi (tofali la kujengea protini) ina enzaimu yake inayoifunga kwenye tRNA yake, ile molekuli inayoibeba kwenda kujenga protini, basi, imeishia hapo. Nikauliza darasani enzaimu inaijuaje hiyo tRNA yake, nikajibiwa "kwa sababu enzaimu ni spesifiki". Sasa mwalimu, tRNA zote tunazichora umbo moja, zote zinaishia na herufi CCA na amino asidi inafungwa hapo hapo kwenye CCA. Kinachotofautiana ni antikodoni, zile herufi tatu za kusomea ujumbe wa jeni, na antikodoni iko upande wa pili kabisa. Enzaimu inafika vipi kote kuwili? Swali hili limenikaa kichwani wiki ya pili sasa. — Mwanafunzi, Mbagala

Marahaba mdogo wangu. Swali lako ni zuri sana na nataka ujue kwamba kukataa lile jibu la "ni spesifiki" umefanya sawa kabisa, maana kusema enzaimu inaijua tRNA yake kwa sababu ni spesifiki ni kulirudia swali kwa maneno mengine, hujajibiwa kitu. Hicho kinachokusumbua, kwamba zote zinafanana na kwamba antikodoni iko mbali, ndo hicho hicho kiliwasumbua watu wa maabara kwa karibu miaka 30.

Tuanze na umbo. Ule mchoro wa majani matatu unaochora kwenye daftari ni wa kwenye karatasi tu, tRNA yenyewe haijalala vile. Mwaka 1974 makundi mawili, moja la chuo cha MIT kule Marekani na lingine la Cambridge Uingereza, yalipiga eksirei fuwele za tRNA ya hamira, ile inayobeba amino asidi iitwayo fenilalanini, wakakuta imejikunja kama herufi L. Kunja mkono wako wa kulia sasa hivi, kiwiko kiwe pembe. Ncha za vidole vyako ndo CCA, begani ndo antikodoni, kiwiko ndo ile kona ya L. Herufi zote humo (zile A, C, G na U zinazoijenga tRNA) ni kama 76 hivi, na kutoka begani mpaka kwenye vidole ni kama nanomita 7.5, yaani ukichukua milimita moja ukaigawa vipande milioni moja, chukua vipande saba na nusu. Kwetu sio kitu, lakini kwa protini hiyo ni safari.

Sasa njoo stendi. Uko Mbagala kwa hiyo Rangi Tatu unaijua kuliko mimi. Daladala zimesimama pale, nyingi ni gari za aina moja, mlango ule ule, viti vile vile, kinachotofautisha ni ruti iliyoandikwa mbele na ule mstari wa rangi ubavuni. tRNA ndo hizo daladala, abiria ni amino asidi, mlango anaopandia ndo CCA, na maandishi ya mbele ndo antikodoni. Enzaimu yako ndo mpigadebe, yeye ndo anampandisha abiria. Ribosomu, ile mashine ya seli inayounga amino asidi kuwa protini, inakaa mwisho wa safari inapokea magari, na inasoma maandishi ya mbele tu, haimwangalii aliyekaa ndani.

Hili la ribosomu kutomwangalia abiria sio mfano tu, lilipimwa. Mwaka 1962 François Chapeville na wenzake walichukua tRNA ya sisteini ikiwa tayari imeshapakia sisteini yake, wakaichezea kwa kemia wakang'oa salfa, na sisteini ukiing'oa salfa inabaki alanini. Kwa hiyo gari limeandikwa sisteini lakini ndani amekaa alanini. Wakaipeleka kwenye ribosomu. Ribosomu ikaisoma antikodoni, ikaridhika, ikaichomeka ile alanini mahali palipotakiwa sisteini bila kuuliza chochote. Mi naona hili ni moja ya majaribio mazuri kuliko yote ya baiolojia, maana linakuonyesha kwamba ukweli wote wa kodi ya jenetiki, ule uhusiano wa kodoni (herufi tatu za ujumbe wa jeni) na amino asidi unaoukariri kwenye jedwali, unategemea mpigadebe. Akikosea yeye huko mbele hakuna wa kumsahihisha.

Haya, mpigadebe anafanyaje? Kwanza hagusi gari moja tu. tRNA yoyote ile ina fosfeti njia nzima zenye chaji hasi, na enzaimu ina upande wenye amino asidi za chaji chanya, kwa hiyo tRNA nyingi zinakuja, zinagusa, zinaondoka. Kugusana ni rahisi. Kazi iko kwenye kinachofuata.

Chukua enzaimu inayopakia amino asidi ya glutamini kwenye bakteria E. coli, hii ndo ya kwanza kuonekana kwa uwazi ikiwa imeikumbatia tRNA yake, mwaka 1989 kwenye maabara ya Thomas Steitz pale Yale, yule ambaye baadaye mwaka 2009 alipata Nobel kwa kazi ya ribosomu. Na hapa ndo jibu la swali lako la umbali lilipo: enzaimu yenyewe ni ndefu. Imelala ndani ya ile L yote, kama mtu amejibana kwenye mkono wako uliokunja kuanzia bega mpaka vidole. Huku mwisho wa chini zile herufi tatu za antikodoni, ambazo kawaida zimepangana juu ya mwenzake kama sahani, zinavutwa zinaachana, kila moja inaingizwa kwenye kijishimo chake. Kijishimo cha G kina atomu zilizokaa mahali ambapo G tu ndo inaweza kufunga nazo bondi za haidrojeni, ukiweka A pale hazikutani. Huku juu enzaimu inaibandua jozi ya mwisho kabisa ya herufi zilizoshikana, ile U ya kwanza na A ya 72 zinaachanishwa, halafu mkia wa CCA unakunjwa unarudi nyuma kama kibanio cha nywele mpaka unadumbukia kwenye shimo ambako glutamini na ATP, ile molekuli ya nishati, zinasubiri. Njiani hapo katikati inapapasa jozi mbili tatu za shina lile linaloishia na CCA, hasa ya pili na ya tatu, kupitia ule mfereji mwembamba wa hesi, yaani shina lilivyojisokota kama skrubu. Kwa hiyo haisomi herufi zote 76. Inasoma chache zilizokaa mahali pake, na zilizobaki zinasaidia tu kushika umbo.

Na kuna kitu notisi hazisemi kabisa: tRNA ya mwingine ikiingia haimaanishi kwamba inafukuzwa mlangoni. Mara nyingi inaingia na inashikwa, ila vile vijishimo havijazi sawasawa, mkia haukai pale unapotakiwa, na kazi haiendi au inaenda taratibu mno mpaka tRNA inachomoka yenyewe. Enzaimu hii ya glutamini bila tRNA yake ndani haiwezi hata kuanza hatua ya kwanza ya kuichaji glutamini kwa ATP. Yaani ile tRNA sahihi ndo inayoiweka mashine sawa. Kutambua hapa sio kutazama, ni kukaa vizuri mpaka injini iwake.

Lakini sasa usije ukadhani kila mpigadebe anasoma maandishi ya mbele. Enzaimu ya alanini haiigusi antikodoni hata kidogo. Mwaka 1988 Ya-Ming Hou na Paul Schimmel wa MIT walikuta kwamba inatafuta jozi moja tu kwenye shina la juu, G ya nafasi ya 3 ikiwa imeshikana na U ya nafasi ya 70. Wewe umefundishwa G inaenda na C, na ni kweli, G ikishikana na U zinakaa kimshazari kidogo, na kikundi kimoja cha naitrojeni cha hiyo G kinabaki kimechomoza kwenye mfereji bila mwenzake. Enzaimu inakihisi hicho kichomozo. Walichofanya ni kuichukua hiyo jozi na kuipandikiza kwenye tRNA ya sisteini, na kwenye ya fenilalanini, na hizo tRNA zikaanza kupakiwa alanini huku antikodoni zao hazijaguswa. Baadaye wakakata wakabakiza kipande kifupi cha shina tu, hakina antikodoni, hakina L, kina ile jozi, na bado kikapakiwa. Ni kama mpigadebe ambaye hasomi kabisa ila analijua gari lake kwa ile bonde iliyogongwa juu ya mlango. Mwaka 2014 kundi la Japani likaonyesha sura yenyewe: ukiwa na G na U, mkia wa CCA unaelekea moja kwa moja kwenye shimo la kazi, ukibadilisha G ikawa A mkia ule ule unageukia pengine. Herufi moja, mkia unakosa njia.

Enzaimu ya serini nayo haiigusi antikodoni, na ukijiuliza kwa nini, angalia jedwali lako la kodoni. Serini ina kodoni sita za makundi mawili yasiyofanana hata herufi ya kwanza, kwa hiyo enzaimu ingesoma antikodoni ingechanganyikiwa, badala yake inashika ule mkono wa ziada mrefu ambao tRNA za serini zinao. Na kuna mbinu nyingine ambayo naipenda sana: bakteria wana tRNA moja ya isolusini ambayo kijeni imezaliwa na antikodoni CAU, sawasawa na ya methionini. Seli inaikamata ile C na kuigandishia lisini juu yake, na kuanzia hapo enzaimu ya methionini haiitaki tena na ya isolusini inaipokea. Kibao kimepakwa rangi upya kabla gari halijafika stendi.

Kwa mtihani wako: andika umbo la L, andika kwamba enzaimu inagusa shina la CCA na mara nyingi antikodoni kwa pamoja, taja alanini na G3 na U70 kama mfano wa isiyogusa antikodoni. Anayesahihisha ataona umeelewa.

Habari za kazi mwalimu. Nafanya kazi famasi Tabata. Kuna hii krimu ya mupirosini tunauza ya majipu na vidonda vya ngozi, kwenye karatasi ya ndani imeandikwa inazuia enzaimu ya isolusini ya bakteria. Si na sisi tunayo enzaimu hiyo? Mbona haituui? — Dada wa famasi

Njema dada, na ahsante kwa kusoma ile karatasi maana wengi wanaitupa na boksi.

Tunayo, ndio. Lakini ile ya kwetu na ya bakteria zimetengana kwa muda mrefu sana, kazi ni ile ile ila shimo limebadilika kingo. Mupirosini yenyewe inatengenezwa na bakteria mwingine, Pseudomonas fluorescens, na sehemu ya molekuli yake inafanana na isolusini ikiwa imeshachajiwa, kwa hiyo inaingia kwenye shimo la enzaimu ya bakteria wa kidonda inakaa pale haitoki, na bakteria anakosa isolusini kwenye protini zake. Kwenye shimo la kwetu haishiki vizuri. Na inapakwa nje kwa sababu ikiingia kwenye damu mwili unaivunja haraka sana inakuwa haina kazi.

Ila ngoja nikwambie kitu kuhusu hii enzaimu maana ni ya ajabu. Isolusini na valini zinatofautiana kwa kaboni moja na haidrojeni zake mbili, basi. Valini ni ndogo, kwa hiyo kila shimo linaloipokea isolusini valini nayo inaingia, huwezi kuizuia, ni kama kujaribu kumzuia mtoto kwenye mlango wa mtu mzima. Mwanakemia Linus Pauling alipiga hesabu miaka ya 1950 akasema kwa umbo peke yake makosa yatakuwa kama 1 katika kila 20. Wakapima kwenye seli wakakuta kama 1 katika 3,000. Hiyo tofauti ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye shimo la pili. Mwanakemia Alan Fersht aliliita chekeche mbili, na ni hivyo hivyo kama unavyochekecha unga. Chekeche ya kwanza inazuia vilivyo vikubwa kuliko isolusini. Vinavyopita vinafungwa kwenye tRNA, halafu ule mkia wa CCA ukiwa umebeba mzigo unazungushwa kama nanomita 3 mpaka kwenye shimo la pili, ambalo ni dogo. Isolusini haiingii hapo kwa hiyo inasalimika. Valini inaingia, na ikiingia inakatwa. Aliyepita mlango wa kwanza kwa udogo wake anakamatwa mlango wa pili kwa udogo huo huo. Kuna dawa ya fangasi wa kucha, tavaboroli, inayotumia shimo la pili la enzaimu ya lusini: inaubana mkia wa tRNA humo ndani hautoki tena, kazi yote inasimama.

Kwa upande wa kaunta nina ombi moja. Bakteria wanaweza kubadilisha kipande kidogo cha shimo lao, na wengine wanapata kwa wenzao jeni la enzaimu nyingine kabisa ambayo mupirosini haiigusi, jeni hilo linaitwa mupA na linasambaa. Ikitokea hivyo ile tyubu ni mafuta tu. Kwa hiyo mteja anayetaka tyubu tatu akae nazo nyumbani apakie kila kipele, mwambie hapana, mwambie arudi kama kidonda hakijapona kwa siku ulizomwandikia.

Hizo enzaimu zikikosea mtu anaumwa? — Mzazi, Kigamboni

Anaumwa, mzazi wangu. Mwaka 2006 ilionekana kwa panya waliokuwa na manyoya kama yamegandana na wanayumba wakitembea. Kosa lao lilikuwa amino asidi moja tu iliyobadilika kwenye enzaimu ya alanini, sehemu ile ya kukagua, kwa hiyo serini kidogo ilikuwa inapita ikapakiwa kwenye tRNA ya alanini. Kidogo tu. Lakini seli za ubongo hazigawanyiki zikapunguza uchafu, protini zilizoharibika zikarundikana humo, na seli za sehemu ya nyuma ya ubongo inayoshika mwendo zikafa moja moja. Kwa binadamu, mabadiliko kwenye enzaimu ya glaisini yanaleta aina mojawapo ya ugonjwa wa Charcot-Marie-Tooth, ilijulikana 2003, mishipa ya fahamu inadhoofika na kwa wengi inaanzia viganjani, vidole vinakosa nguvu ya kufunga kifungo cha shati. Ni wa kurithi na ni nadra. Kama kuna mtu kwenu mikono inadhoofika polepole usimpeleke kwanza kwa wauza mizizi, mpeleke hospitali aonwe na daktari wa mishipa ya fahamu.

Mwalimu, ni mimi tena wa Mbagala. Hiyo L ninaweza kuiona kwa macho au ndo mpaka niende chuo?

Unaiona leo kwenye simu. Kuna hazina ya maumbo ya protini inaitwa Protein Data Bank, ni bure, ingia andika 1GTR, ndo ile enzaimu ya glutamini ikiwa na tRNA yake na ATP. Ikifunguka izungushe kwa kidole taratibu mpaka L isimame, bando litaumia kidogo kwa hiyo tafuta waifai ukiweza. Ukishaipata hiyo L fuata uzi wa tRNA kwenda juu mpaka ncha, utaona mahali unapokata kona ghafla na kurudi ndani kwenye protini. Pakuze hapo. Pembeni ya ncha utaiona ATP imekaa inasubiri.